Nusu Kiingilio kwa Wazee

Alhamisi, 3 Julai 2025

Gari la matangazo limepita mtaani kwetu tangu asubuhi. Kuanzia Jumamosi, mwenye miaka sitini na kuendelea ataingia bustani ya michezo ya Deusdedit kwa nusu kiingilio. Mwishoni wakamshukuru Mzee Salmini kwa wazo lake zuri.

Wazo lake. Salmini ni dereva wa basi mstaafu. Miaka thelathini barabarani, na wazo lake pekee lilikuwa kupiga honi.

Wazo ni langu mimi, Akida. Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe ofisini kwa Deusdedit. Huyu alinunua dhahabu Katoro mpaka akatajirika, kisha akaja Kahama na bembea zake na magari ya kugongana. Nikamweleza kuwa mabibi na mababu hawapandi chochote pale. Wanashika viatu vya wajukuu na kufuta makamasi. Kwa nini walipe sawa na kijana anayepanda kila kitu? Akanijibu kwamba wazee wengi wa mjini wana vyumba vya kupangisha, na wa kuonewa huruma ni kijana aliyetoka shimoni mikono mitupu. Nikasema kijana ana kesho. Akacheka, akasema atafikiria. Salmini alikuwa amekaa nje mlangoni akisubiri zamu yake. Alisikia yote, akaingia baada yangu.

Baya zaidi: punguzo limekuja na siwezi kulitumia. Nina miaka sitini na minne. Swaumu anajua nina hamsini na saba.

Jioni nimepika ugali wa mtu mmoja. Kidogo mno hata mwiko haupati pa kugeukia.

Ijumaa, 4 Julai

Niandike vizuri habari ya Swaumu, nisije nikajilaumu bure.

Ni mjane, anauza vitenge karibu na stendi. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, na mwanangu Abdul yuko Katoro na duka lake na watoto ambao nawaona kwenye simu tu. Nyumba yangu imekuwa kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Swaumu ana kicheko cha kujaza vyumba vitatu. Nilipomtazama nikamkadiria miaka hamsini na mbili. Mwanamke wa hamsini na mbili hawezi kumtaka mzee wa sitini na nne. Kwa hiyo aliponiuliza umri wangu nikatoa saba. Saba si nyingi.

Kila Jumamosi anampeleka mjukuu wake kwenye bustani ya Deusdedit. Mpango: kesho nitakwenda, nitalipa kiingilio kamili kama mtu wa makamo, nitapanda magari ya kugongana mbele yake. Aone mwenyewe nguvu iliyopo.

Baada ya swala nimenunua piko na kupaka ndevu. Zimekuwa nyeusi sana. Karibu ziwe za bluu.

Jumamosi, 5 Julai

Siku mbaya.

Getini binti mmoja, Eunice, anafunga watu bangili za karatasi. Bluu kwa watu wazima, kijani kwa wazee. Nikalipa kiingilio kamili kwa sauti ili foleni yote isikie. Iliniuma. Nimepigania nusu bei kwa mdomo wangu, nikawa mtu wa kwanza kuikimbia.

Ndani, Deusdedit amejenga banda la kivuli kwa wenye bangili za kijani, lenye viti vya kuegemea na chai ya bure. Salmini amekaa katikati kama kiongozi wa nchi. Vijana wanapita wakimwita namhala, yaani mzee kwa Kisukuma, naye anaitikia kama amepewa cheo. Anawahadithia watu kisukari chake, dawa zake na miaka yake sitini na saba. Mtu hana aibu hata kidogo.

Pembeni yake, Swaumu. Mkononi, bangili ya kijani.

Nikadhani amemshikia mtu. Nikamsogelea. Akanisalimu kwa furaha, akasema punguzo hili limemfurahisha, maana tangu mwaka jana alipotimiza sitini hakuna aliyewahi kumpunguzia kitu.

Ana sitini na moja.

Yeye akaendelea. Akaniita mdogo wangu. "Mdogo wangu Akida, wewe nenda kacheze. Lete hivyo viatu nikushikie."

Nikampa. Ningefanya nini? Nikapanda gari la kugongana miguu mitupu, na vijana watatu wa machimbo wakanigonga ubavuni, mgongoni na ubavuni tena. Shingo imekaza. Nimeshuka nikitazama upande mmoja, upande ambao Swaumu hakuwepo. Viatu vyangu alikuwa amevipanga pamoja na vya mjukuu wake.

Jumapili, 6 Julai

Nimelala chali kutwa kwa sababu ya shingo. Nimefikiri.

Kumbe miezi yote hii alikuwa ananiona mtoto. Zile sambusa alizokuwa akinifungashia nikipita kibandani kwake, ilikuwa huruma ya dada. Hakuna mwanamke wa sitini na moja atakayejitangazia kuolewa na mdogo wake.

Dawa ni rahisi. Kesho ni Saba Saba, atampeleka tena mjukuu. Nitakuwa mbele yake kwenye foleni, nitaomba bangili ya kijani, nitataja miaka yangu ya kweli. Atasikia kwa bahati tu. Nitakuwa nimesema ukweli bila kumwambia mtu yeyote.

Jumatatu, 7 Julai

Foleni ilifika barabarani. Nimesubiri mpaka Swaumu alipofika, nikaingia mbele yake kana kwamba sikumwona. Nikamwambia Eunice kwa utulivu kwamba nina sitini na minne, anipe ya kijani.

Eunice akatazama ndevu zangu. Akaomba kitambulisho. Kitambulisho kiko nyumbani ndani ya sanduku. Nilikifungia Ijumaa nisije nikakidondosha mbele ya Swaumu.

Nikaapa. Eunice akasema siku tatu tu tangu punguzo lianze, ameshawaona wanaume wa arobaini wakija na fimbo. Watu nyuma wakaanza kulalamika kwamba nawachelewesha wenye haki. Mmoja akasema ndiyo maana vitu vya wazee havidumu nchi hii. Mimi. Mimi niliyelipigania punguzo hili.

Ndipo Swaumu akanigusa bega. Uso wake ulikuwa umejaa aibu, na ilikuwa aibu yangu mimi.

"Kama huna hela sema tu, mdogo wangu. Usijizeeshe kwa ajili ya kiingilio."

Akanilipia. Kamili. Eunice akanifunga bangili ya bluu. Nimezunguka juani saa nzima kwa sababu banda la kivuli ni la kijani peke yake, na kuondoka mapema kungeonekana ukorofi. Salmini alininyanyulia kikombe cha chai kutoka mbali.

Jumanne, 8 Julai

Nimeosha ndevu kwa sabuni ya unga. Hazitoki. Nimetumia limau. Hazitoki, na kidevu kinawaka.

Nimenyoa zote.

Nimejitazama kwenye kioo. Naonekana wa hamsini.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kibandani kwa Swaumu na kitambulisho cha taifa mfukoni. Hakukuwa na wateja. Nimekiweka juu ya vitenge mbele yake bila maneno mengi. Kuzaliwa, 1961. Nilitegemea acheke. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kucheka naye.

Hakucheka. Alikisoma taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anavyomrudishia mgeni chenji.

Akaniambia habari za marehemu mumewe. Aliumwa figo miaka miwili bila kumwambia. Alikuwa anamwambia anakwenda kutazama mahindi Ushirombo, kumbe anakwenda hospitali. Swaumu alijua siku aliyoitwa kuchukua nguo zake. Akasema hakumlilia tu kwa kufa. Alilia kwa kuwa alikuwa amelala kando ya mtu asiyemjua.

"Umri wako haunihusu, Baba Abdul. Sitini, sabini, sawa tu. Mimi nataka mtu nisiyelazimika kumchunguza. Kwanza hamsini na saba, kisha sitini na nne. Sasa nikuamini lipi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Baba Abdul. Moyo uliruka. Hapo ningenyamaza ingetosha. Au ningeomba msamaha. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni kabisa.

Lakini niliona nafasi. Nikamwambia kwamba hata kitambulisho si cha kutegemea, walioandika walikosea, na hesabu zangu mwenyewe zinaniweka kati na kati. Sitini na moja. Sawasawa na yeye.

Akachukua kitenge kilichokunjwa, akakikunjua, akakikunja upya. Kisha akamkaribisha mteja ambaye bado alikuwa ng'ambo ya barabara.

Jumamosi, 12 Julai

Salmini amemtuma dada yake kwa kina Swaumu kumposea. Nimeambiwa msikitini na Salmini mwenyewe. Alinishika mkono, akaniomba radhi kwa lile jambo la wazo. Akasema alimtajia Deusdedit jina langu, lakini mtu wa matangazo aliandika la aliyetoka mwisho. Sikumwamini. Nikamuuliza amemvutia Swaumu kwa lipi. Akafikiri kidogo, akasema hajui, yeye alimweleza tu kisukari chake na dawa zinavyomchosha, basi wakawa wanaongea.

Kisukari. Watu wana bahati za ajabu.

Nimepita dirishani kwao jioni nikitoka dukani. Swaumu alikuwa anacheka ndani. Nimesimama mpaka kicheko kilipoisha, kisha nimekuja kupika.

Jumapili, 13 Julai

Asubuhi nimekwenda kwa Deusdedit kudai afute punguzo. Nimemwambia linadhalilisha. Linawatenga wazee kwenye banda kama kuku wagonjwa, linawafunga alama mkononi, linavunja matumaini ya watu. Akanikumbusha habari ya makamasi na viatu vya wajukuu. Akasema nilikuwa sahihi kabisa: kila mzee anayeingia kwa nusu anakuja na wajukuu watatu wanaolipa kamili, na hajawahi kupata wiki kama hii. Akanipa mkono. Akaniambia nije na wajukuu zangu.

Sikumwambia kwamba wako Katoro. Nimemwambia watakuja wiki ijayo, wote tisa. Ni wanne.

Nilipotoka sikuwa na hamu ya jiko langu. Nimekwenda kula wali maharage kwa Mwahija, yule mama ntilie wa nyuma ya soko la mchele. Ni mjane, mcheshi, mkono wake una chumvi ya kiasi. Sijui kwa nini sikumtazama vizuri siku zote. Nimekaa hapo nikipitia makosa ya wiki hii moja baada ya jingine, kwa haki, bila kujionea huruma. Kosa nimeliona. Nilijipunguza kumbe siku hizi wanawake wanataka mzee hasa, mwenye maradhi yake.

Kwa hiyo Mwahija aliponiuliza, kwa mazungumzo tu, nina miaka mingapi, sikusita. Nimemwambia sabini na moja. Nikaongeza presha na magoti.

Akaacha upawa, akaniamkia upya kwa kupiga goti. Akaniita babu. Kisha akaniletea kiti chake mwenyewe, chenye mto.

Dalili nzuri. Kesho nitaongeza moyo.