Bango la Dakika Hamsini Linamchafulia Mwanangu Jina

Kwa Meneja wa shirika la ndege lenye bango mbele ya duka langu

Ndugu Meneja,

Pokea salamu za mshona nguo ambaye hajawahi kupanda ndege yako wala hana haja nayo. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu bango lako, lililosimama ng'ambo ya barabara na kuikodolea macho cherehani yangu. Linadai kwamba kutoka hapa hadi mji mkuu ni dakika hamsini.

Mwanangu, mhasibu, anaishi huko mwaka wa tatu sasa. Kila nikimpigia simu aje kujaribu koti la harusi ya dada yake, ananijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba ni mbali mno. Huyu nimemzaa na kumsomesha mwenyewe, hawezi kunidanganya. Kwa hiyo mwongo ni bango.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Dakika hamsini hazinitoshi hata kumaliza kola na mikono ya shati. Mtu mzima mwenye shahada atashindwaje na safari fupi kuliko shati? Hesabu mmekosea nyinyi.

2. Nilivuka barabara nikaipima ramani ya bango kwa tepu yangu. Kati ya miji hiyo miwili hapazidi upana wa kiganja. Kwa maelezo ya mwanangu, hapo palipaswa kuwa na bahari mbili na jangwa. Aliyewachorea arudishwe shule.

3. Jirani yangu muuza vitambaa, ambaye kwa umbea wake tunamwita Bi Redio, hunisomea bango hilo kila asubuhi, kisha huniuliza kama kijana hajambo. Anauliza huku akilitazama koti. Limening'inia mlangoni na pini zake, mkono mmoja bado, kwa sababu sijui kama mwenyewe amenenepa au amekonda. Hilo linaniuma, Ndugu Meneja, na sioni aibu kulisema.

4. Ndege zenu hupita juu ya paa langu. Nikizisikia naacha kushona, natazama mlango. Mnanipotezea kazi.

Naomba basi bango liandikwe saa tisa badala ya dakika hamsini. Kama wino ni ghali, marubani wazunguke angani mpaka saa tisa zitimie. Hilo nalo likishindikana, zungumza na wakubwa wenzako mji mkuu usogezwe mbali zaidi. Mtu mwenye ndege hashindwi na jambo dogo kama hilo.

Nisalimie marubani, wahudumu, wapakia mizigo, na mama yako mzazi, kama umepata kumwona hivi karibuni.

Ni mimi, niliyebakiwa na subira kidogo,
Mama Mhasibu, mshona nguo

Nyongeza: Nimekata tiketi ya Jumamosi. Koti nitalipakata mwenyewe lisije likakunjamana. Nijulishe kama pini zinaruhusiwa ndani ya ndege. Na yale mambo ya kuzunguka angani, tafadhali yasianze kabla sijafika. Hata hizo dakika hamsini naziona nyingi.