Chokea Yangu na Unga wa Mkate

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka na chokea kwenye ukope wa kushoto. Kubwa! Na Ijumaa mwenye duka anamteua msimamizi mpya. Duka la miwani, jamani! Mshindani wangu, mpima macho tunayemwita Nyuki, tayari anawaambia wateja wasinisogelee, nitawaambukiza. Mzushi mkubwa!

Nimekwenda kwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi. Kanimulika kwa tochi, kasema nikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara nne kwa siku, nisiiguse, ndani ya wiki itakwisha. Wiki! Pembeni alikuwepo mama mmoja amelala chali, jicho limezungushiwa ukuta wa unga uliokandwa, ndani kamiminiwa samli, anafumba na kufumbua. Hiyo ndiyo tiba! Nimeomba nifanyiwe. Amekataa, eti hiyo ni ya macho makavu. Roho mbaya tu.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu alikanda unga wa mkate, akaufunika, akaenda kwa dada yake. Tabibu hutumia unga wa choroko. Lakini unga ni unga. Nikajilaza sakafuni penye jua, nikajenga ukuta macho yote mawili, la kulia lisije likaona wivu, nikamimina samli. Raha iliyoje! Nikasinzia.

Hamira haisinzii. Nilipoamka sikuona kitu. Unga umeumuka, kuta zimekutana juu ya pua na kugandia kwenye nyusi. Nikapapasa kuelekea mlangoni, nikaliamkia koti lililotundikwa, nikidhani ni baba mkwe, maana tunaishi naye. Koti halikuitikia.

Mke wangu aliporudi alicheka kwanza, akasaidia baadaye. Saa nzima ya kitambaa na maji ya uvuguvugu. Unga umetoka. Nyusi ya kushoto imetoka nao. Akasema mganga hajigangi. Nimemjibu kwamba mimi si mganga, kwa hiyo methali hiyo hainihusu.

Alhamisi, 6 Machi
Chokea imenywea! Nilijua tu. Hamira imeivuta. Mke wangu anasema ni yale maji ya uvuguvugu, maana tangu juzi ananikanda asubuhi na jioni. Namwonea huruma, hana jicho la kitabibu. Nyusi nimejichorea kwa wanja wake. Kioo kinasema mimi ni msimamizi.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye duka amekuja. Nimesimama wima, kifua mbele. Joto! Nikafuta jasho mara moja tu. Akaniuliza kwa upole kwa nini nyusi yangu iko kwenye kiganja. Wateja wawili wakatoka nje kucheka.

Nyuki ndiye msimamizi. Imeniuma, sifichi. Miaka tisa nimefuta vioo vya duka lile. Amri yake ya kwanza: nikae stoo mpaka nyusi iote.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina, nimeliona kosa. Nilisinzia mapema mno, na unga ulikuwa kidogo. Stoo ni pazuri kwa mambo haya: pametulia, pana meza ndefu. Baba mkwe analalamika kope zinamwasha. Nimemwambia aje Jumatatu, Nyuki akienda kula. Mzee ana nyusi nene, hata zikipungua bado atabaki nazo.

Mke wangu ameificha hamira. Si kitu. Nimenunua yangu.