Pua Yangu na Wiski ya Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi anatafuta mtu wa kuongoza duka letu jipya la rangi. Mtu huyo ni mimi. Bado hajajua tu.

Kikwazo ni Tai. Tunamwita hivyo kwa sababu ya tai anazovaa shingoni, si kwa ukali wa ndege. Mtu mwenyewe ana roho ya kifaranga. Yeye anauza rangi za ndani, mimi za nje. Leo mteja kamwuliza kama rangi ya maziwa itaficha madoa ya mafuta ukutani. Kajibu haifichi! Mteja kaondoka mikono mitupu. Huyo ndiye wa kupewa duka?

Mchana nilikuwa nyuma ya rafu ya brashi (nikipanga, si kusikiliza) nikamsikia mkurugenzi akisema kwenye simu kwamba hakuna kinachomtuliza kama wiski ya moshi. Wiski ya moshi! Mimi hata isiyo na moshi siijui. Nikachomoza kichwa, nikamwambia nyumbani ninayo, tena mimi ni mwonjaji wa siku nyingi. Akafurahi kama mtoto. Anakuja Jumamosi. Tai alikuwa anapita na ngazi begani, akaalikwa papo hapo. Si na mimi.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vinywaji. Nikaomba wiski ya moshi iliyo bora kabisa. Nikaona bei. Nikaomba iliyo bora kiasi. Nikaona bei. Nikaomba iliyopo.

Muuzaji kainama, katoa chupa rafu ya chini kabisa. Skochi, yaani wiski ya Uskoti, ya shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, haikuchanganywa na nyingine. Kanihakikishia kwamba ni rahisi kwa kuwa ina umri mdogo, si kwa kuwa ni mbaya. Moshi nao una asili yake: shayiri hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi unaochimbwa kwenye vinamasi. Watu wanachoma udongo! Nikaomba anifundishe na maneno ya kuonjea. Nimeyashika yote.

Tatizo ni pua. Imekufa. Tapentaini imeiua taratibu, kopo baada ya kopo. Maziwa yakiungua jikoni kwetu, majirani wanajua kabla yangu.

Jioni nikafungua chupa, nikanusa kwa kutimiza wajibu tu. Jamani! Nimesikia harufu! Moshi. Kamba iliyoloa. Dawa ya vidonda. Halafu kwa mbali, kitu kitamu, kama ganda la chungwa lililodondokea kwenye makaa. Nikakaa chini. Machozi yakanitoka, ya furaha kabisa. Kisha nikameza, yakatoka mengine.

Mama mkwe, ambaye anakaa nasi na hataki kuona pombe hata kwenye picha, akatoka chumbani akiuliza ni nani anaungua. Nikaficha glasi, nikasahau chupa. Akauliza ni nini. Nikamwambia dawa. Ya nini? Ya maumivu. Akanusa, akakubali: kweli, inanuka hospitali. Akanipa pole na kunishauri nilale mapema.

Nimejaliwa kipaji. Sikujua.

Alhamisi, 6 Machi

Chupa imepungua! Nimemshuku mke wangu, nikamwambia waziwazi. Akajibu kwamba siku akiishiwa na akili kiasi cha kunywa maji ya kuzimia moto, atanijulisha. Nimechora mstari kwa kalamu kwenye karatasi ya chupa.

Kazini nimefanya mazoezi ya maneno. Nimemweleza mteja kwamba rangi yetu ya kijivu inaanza kwa upole na kumalizikia kwenye moshi mrefu. Akauliza kama inashika moto. Akaenda kununua kwa Tai.

Ijumaa, 7 Machi

Chini ya mstari! Mwizi hana hata aibu ya kuongeza maji.

Gesi nayo imeisha. Mama mkwe amewasha kuni uani, mbichi, na nyumba nzima imekuwa kama tanuri la matofali. Eti hivyo ndivyo chai inavyokuwa chai. Leo amekuwa mchangamfu kupita kiasi; amepanda ngazi za mlangoni bila kushika ukuta. Sijamtilia maanani. Nina mambo makubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Yameniharibikia. Naandika nikiwa chooni, ndipo pekee pasipo na mtu anayecheka.

Ilianza vizuri. Mkurugenzi alikuja na viatu vya wazi na shati la maua, nusura nisimtambue. Tai alikuja na tai. Mama mkwe, aliyekatazwa kutoka, alitoka, akaketi pembeni yangu na glasi yake ya chai iliyopoa.

Mkurugenzi akanusa, akaonja, akafumba macho. Akasema ina majivu, chumvi kidogo na tunda lililoiva, na kwamba kwa bei yake haina cha kuonea haya. Aliijua bei! Tai alipoulizwa akasema anaona kama anatafuna blanketi lililookolewa motoni. Nikajua kajimaliza. Akaongeza tone la maji, akaonja tena, akasema sasa blanketi limefuliwa. Mkurugenzi akacheka mpaka akaweka glasi chini.

Alikuwa anacheka na Tai! Ikabidi nichukue hatua. Nikatangaza kwamba mwonjaji wa kweli hahitaji macho. Nikajifunga kitambaa usoni, nikapapasa mezani, nikapata glasi. Nikanusa. Moshi! Pua yangu, mpenzi wangu! Nikapiga funda, nikalizungusha mdomoni kama nilivyofundishwa, nikameza.

Nikasema: "Hii sasa ndiyo yenyewe. Shayiri ya nchi ya baridi. Imelala kwenye pipa la mwaloni miaka kumi, pengine kumi na miwili. Moshi umekomaa, hauna papara."

Nikasikia glasi zikiwekwa mezani. Nikadhani ni heshima.

"Baba," mama mkwe akasema kwa upole, "hiyo ni chai yangu. Nimeichemsha asubuhi."

Nikavua kitambaa. Nimeshika glasi yenye jani la chai linaloelea. Hata hapo ningeweza kujiokoa, nilikuwa natafuta neno, lakini mama mkwe alikuwa bado anataka kunisaidia.

"Dawa yako ni ile pale. Mimi huwa najipaka tu magotini, siinywi. Mwanangu, kumbe inanywewa?"

Akawageukia wageni, akapandisha gauni kidogo, akawaonyesha jinsi magoti yanavyokunjika sasa. Mkurugenzi alilazimika kushika ukuta. Mke wangu aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akabaki hukohuko. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka tuliooana. Ningefurahi, kama ingekuwa sababu nyingine.

Tai peke yake hakucheka. Aliniambia taratibu kwamba hata yeye angekosea. Mnafiki!

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amegundua kwamba dawa ni pombe. Hasemi nami. Magoti, hata hivyo, anaendelea kuyapaka. Anasema goti halina dhambi.

Mke wangu ameninong'oneza kwamba ningemwambia mkurugenzi tangu mwanzo kwamba pua yangu haifanyi kazi, na kwamba wiski hii ndiyo kitu cha kwanza nilichonusa baada ya miaka, ingekuwa hadithi nzuri zaidi ya ile ya pipa. Nikamwambia haelewi mambo ya kazi. Akanimiminia kidogo, akajimiminia na yeye, tukakaa kwenye ngazi za uani. Kamba iliyoloa. Ganda la chungwa. Nilijisikia vizuri. Kisha nikamkumbuka Tai.

Jumatatu, 10 Machi

Tai kapewa duka.

Mkurugenzi kaniita ofisini, kanieleza kwa upole kwamba wateja wamechoka kuambiwa madoa yatafichika, na kwamba anahitaji mtu anayesema anachokionja. Nikamwambia nakubaliana naye kabisa, kwa kuwa hata mimi ndivyo nilivyo. Akanisogezea barua.

Nimehamishiwa duka jipya. Chini ya Tai! Nitauza msasa.

Alhamisi, 13 Machi

Kumekucha. Nimechunguza, nikagundua udhaifu wa bosi wangu mpya: kila Jumapili anaendesha baiskeli milimani, na anatafuta mwenzake wa kwenda naye. Nikamwambia asihangaike. Nikamwambia ujana wangu wote niliumaliza kwenye mashindano, na kwamba vikombe vyangu viko kwa mjomba. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga, maskini.

Baiskeli nimeazima kwa fundi bomba. Mke wangu ameizunguka mara kadhaa, kisha akaniuliza kama najua kuendesha.

Nimemwambia kitu chenyewe kina magurudumu mawili tu. Kingekuwa na manne ndipo ningepata wasiwasi.