Uzinduzi wa Kituo cha Kupumzishia Akili Katika Uwanja wa Mpunga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chake mnakiona na mwenyewe yuko njiani tangu juzi, waheshimiwa wachungaji, waheshimiwa wafanyabiashara mliofunga maduka Ipinda kuja kunisikiliza, mheshimiwa muuguzi wetu, Sista Beatrice, mheshimiwa mke wangu Naomi, akina mama wa mpunga, mabibi na mabwana: mbele yenu nimesimama mimi, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Muda ya Utulivu wa Akili, mtu ambaye Mto Songwe ukitaka kuhama hupita kwanza kwangu kuomba ruhusa. (Makofi. Mtu mmoja anapiga mluzi.)

Mughonile!

(Umati: Tughonile!)

Ndaga, asanteni. Salamu yetu hii inamuuliza mtu kama amelala, maana babu zetu walishafanya utafiti wa stresi kabla mafaili hayajaletwa nchini. Na utafiti wangu binafsi, nilioufanya nyumba kwa nyumba bila kutoka barazani kwangu, umebaini kwamba asilimia tisini na saba nukta nne ya wakazi wa kitongoji hiki wana stresi, na waliobaki hawakuwepo nyumbani. (Kicheko.)

Sasa stresi ni kitu gani? Nilihudhuria semina ya nusu siku Kyela mjini, nikakaa mstari wa mbele kabisa, karibu na chai, kwa hiyo nasema kama mtaalamu. Ukikutana na kiboko, moyo unakwenda mbio, shingo inakaza, pumzi inakuwa fupi, ili miguu ipate nguvu ya kukuokoa. Hiyo ni haki ya mwili. (Mimi niliwahi kukutana na kiboko nikamtazama mpaka yeye ndiye akapata stresi, lakini leo sitaki kujisifu.) Tatizo ni pale kiboko amesharudi ziwani, amelala zake, na wewe uko kitandani unaendelea kumkimbia, leo, kesho, mwezi mzima, mpaka kichwa kinauma, chakula hakipiti na unamfokea kuku. Hiyo ndiyo stresi kisayansi. (Sista Beatrice anatikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti anamnyooshea mkono ili wote wamwone anavyokubali.)

Na dawa yake, ndugu wananchi, ni rilaksesheni. Unashusha mabega. Unavuta pumzi polepole mpaka tumboni, unaitoa polepole zaidi, na mwili unapata taarifa kwamba kiboko ameondoka. Haya, wote: vutaaa... toaaa...

(Umati unavuta na kutoa. Kijana mmoja, Kisa, amebeba turubai kichwani, anapaza sauti: "Mjomba, sisi tumeshapumua! Jua ndilo hili, wiki nzima hatujaliona! Mpunga unaota ndani ya magunia! Fungua geti tuanike!")

Mwanangu Kisa, mtoto wa dada yangu, nakusikia kwa masikio yote. Ni kweli kwamba uwanja huu mmeanikia mpunga tangu enzi za bibi zenu, na ni kweli kwamba mwanzoni mwa msimu huu kamati yangu, kwa maana ya mimi, iliuzungushia uzio wa mianzi na kutia kufuli, na sasa mnaanika kandokando ya barabara mkigombana na pikipiki. Lakini tunajenga nini? Ghorofa tatu! Vitanda mia nne vya kunesanesa! Chumba cha ukimya chenye spika nane! Upepo wa Ziwa Nyasa utaletwa hapa kwa bomba, kila mkazi atapewa dakika kumi na moja za kupigwa nao, na watu watatoka Ngana na Busale kuja kupanga foleni ya kutulia! (Anainua karatasi juu.) Mchoro wenyewe huu hapa!

(Sauti: "Geti, Mjomba!" Nyingine: "Hilo jua linakwenda!")

Nitafika kwenye geti, liko kwenye ajenda. Kwanza niwakumbushe uongozi wangu katika kadhia ya mbuzi. Msimu uliopita mlikuwa mkienda kula mchana, mkirudi mnakuta bonde katikati ya mpunga, kama kuna kitu kizito kimelala. Nani aliunda tume? Mimi. Nani alibaini kuwa ni mbuzi wa Angetile? Mimi. Na bibi mmoja aliposema amesikia mkoromo, nani alitoa ushahidi wa kitaalamu kwamba mbuzi akishiba hukoroma? Ni mimi huyuhuyu.

(Angetile anasimama: "Na tangu siku ile yuko kwenye kamba, Mwenyekiti! Amekonda, hata kulia halii tena!" Umati: "Polee!")

Poleni, wewe na mbuzi. Suala la mbuzi nalo liko kwenye ajenda.

(Naomi, bila kusimama: "Baba Gwamaka, kabla ya ajenda waambie. Wewe mwenyewe unalala?")

Swali hilo... ni zuri. Ni la kimenejimenti. Silali. Tangu nifunge geti lile silali, si mchana si usiku, na jana Sista Beatrice amenipima presha akaniuliza, "Baba, mwaka jana ulikuwa mzima, ulikuwa unapumzikia wapi?" Nikamwambia mashine yake ni mbovu, nikatoka nikaenda kusimama kwenye uzio ule. Maana uwanjani pale palikuwa na mpunga wenye joto la jua, ukinukia, na akina mama wakiugeuza kwa miguu polepole, wanateta, wanacheka, wanafukuza kuku, na aliyefiwa alikuja akakaa nao akaondoka mwepesi. Hakuna aliyepaita kituo. Nimefunga mahali pa kupumzikia ili nijenge mahali pa kupumzikia, na kosa hilo hata semina ya siku nzima isingenifundisha kulifanya.

Kisa, shika ufunguo. (Anaurusha. Vigelegele. Akina mama wanakimbilia geti na maturubai. Nusu ya mkutano inahama.)

Msiondoke, sijamaliza! Semeni pamoja nami: Pumzi ndefu!

(Waliobaki: Maisha marefu!)

Mabega chini!

(Waliobaki: Mpunga juani!)

Ndaga fijo. Kwa niaba ya kamati namshukuru mfadhili wa projekti hii kwa moyo wake mkubwa, nikimaanisha mfadhili ambaye ningemwandikia barua kama ningejua anakaa wapi. Nawashukuru wahandisi ambao hatukuwaita. Na mchoro huu nimrudishie mwenyewe, kwa sababu ni wa banda la kuku la mke wangu. (Naomi: "Ulete!")

La mwisho, dogo sana, wala lisiandikwe kwenye muhtasari. Angetile, ndugu yangu, nenda kamfungue mbuzi. Hakoromi.

Yule nilikuwa mimi.