Wiki ya Siku Kumi

Serikali ya Mtukufu Mfalme iliwatangazia wananchi, kwa fahari kubwa, kwamba kuanzia Jumamosi wiki itakuwa na siku kumi.

Sababu ilikuwa ya kizalendo. Siku serikali ilipoomba imani ya Bunge, iliahidi kupeleka maji kwenye matangi ya kila nyumba mara moja kwa wiki. Mabwawa yakakauka. Kuvunja ahadi ni aibu, na bwawa halijazwi kwa amri. Wiki, hata hivyo, hurefushwa. Wanasheria walishauri iwe hivyo katika shughuli zote za serikali, maana ufalme mmoja hauwezi kuwa na wiki mbili.

Waziri wa Maji, Mhandisi Rudayna Shuqum, alipinga kwa saa nzima barazani. Waziri Mkuu, Abu Mutlaq, alimsikiliza huku akimenya chungwa.

"Umemaliza, binti yangu?"

"Nimemaliza, Mheshimiwa. Huu ni upuuzi."

"Vizuri sana. Katibu, andika: Baraza limekubaliana kwa kauli moja." Akala kipande. "Humu ndani bishana hata na ukuta. Ukivuka mlango ule, serikali ina mdomo mmoja."

"Mdomo wa nani?"

"Leo, wako. Maji si ya wizara yako?"

Amri ikapelekwa kasri, Mfalme akaitia sahihi. Chini yake akasaini Abu Mutlaq, na chini kabisa Rudayna. Katika ufalme ule Mfalme hakosei. Mawaziri wapo ili wakosee kwa niaba yake.

Rudayna akaitetea wiki mpya kwenye televisheni, akarudi nyumbani kichwa kikimgonga. Mlangoni alimkuta wifi yake, Umm Nayef, na rundo la nguo chafu.

"Wifi, soksi za watoto wa kaka yako zinasimama zenyewe. Maji lini?"

"Serikali inalitazama suala hilo kwa upana wake..."

"Sijaiuliza serikali, nimekuuliza wewe! Na wewe uliukubali wazimu huu?"

Rudayna akaukumbuka mlango wa baraza. "Tulikubaliana kwa kauli moja."

"Basi hiyo kauli moja ije inifulie!"

Haikuja. Siku ya tisa wanawake walijitwika makarai ya nguo, wakayapanga mbele ya Bunge, Umm Nayef akiwa mstari wa mbele. Upepo ulipovuma kuelekea ukumbini, wabunge waligundua ghafla kwamba wana dhamiri. Wakawasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali.

Abu Mutlaq akamwita Rudayna pembeni. "Jiuzulu, binti yangu. Tutasema wazo lilikuwa lako."

"Muhtasari wa Baraza unasema ni letu sote, Mheshimiwa. Na sahihi yako iko juu ya yangu."

Abu Mutlaq akahesabu wabunge wake. Walipungua kumi na mmoja ili ashinde kura, lakini wabunge hupatikana, ukiwa na muda na kondoo wa kutosha wa kuwachinjia. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika, Katiba inaniruhusu kuomba kura iahirishwe. Naomba wiki moja tu."

Spika, Sakhr Dabbas, jaji mstaafu, akavaa miwani taratibu. "Katiba inaruhusu zisizidi siku saba. Wiki yako wewe ina siku ngapi?"

"Wiki ni wiki, bwana!"

"Ngapi?"

Abu Mutlaq akamgeukia Rudayna, jasho likimtiririka. "Waambie! Waambie ile ni ya maji tu!"

Rudayna akainuka. Alijua kwamba serikali ikianguka, na yeye anaanguka nayo. Katika baraza hakuna anayebaki juu peke yake.

"Mheshimiwa Spika, msimamo wa serikali haujabadilika. Katika shughuli zake zote, wiki ni siku kumi. Ninautetea kikamilifu."

"Nashukuru, Mheshimiwa Waziri. Basi ombi limezidi kikomo kwa siku tatu. Kura ipigwe sasa hivi."

Kabla ya adhana ya alasiri, serikali ilikuwa chini. Abu Mutlaq alitoka akatafuta gari lake; dereva alikuwa ameshakwenda kuliegesha mbele ya nyumba ya mtu anayetajwa kumrithi. Ngazini walibaki wanawake na makarai yao.

Umm Nayef akamtazama Abu Mutlaq kuanzia viatu hadi tai, kisha akamnyooshea karai moja zito.

"Shika hapo, baba. Naona sasa una nafasi."

Abu Mutlaq akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta waziri wa kumkabidhi. Hakukuwa na waziri. Akashika.