Jino Zima na Hoja Isiyopingika

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu karudi kutoka darasa la falsafa, kule maktaba, uso unang'aa kama sufuria mpya. Nikamuuliza chakula kiko wapi. Akaniuliza najuaje kama kipo. Haya! Kumbe kuamini ni kitu kimoja na kujua ni kingine. Anayejua lazima awe na sababu, na jambo lenyewe liwe kweli. Nani kasema? Daktari wa meno, mwanafunzi mwenzake. Ana subira. Ana vidole virefu! Vidole vimeingiaje kwenye falsafa? Mimi fundi wa makochi, wakubwa wa mji huu wote wamekalia kazi yangu, na vidole vyangu havijawahi kusifiwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimepanga hoja huku napiga misumari. Kila siku ya darasa mke wangu hujipaka manukato. Kila siku ya darasa daktari yupo. Kwa hiyo... Nyundo ikatua kidoleni. Shemeji, dada wa mke wangu, anayenishonea vitambaa, akasema hata mlinzi wa maktaba huwa yupo, mbona yeye simwonei wivu? Nikamwambia shemeji, wewe shona, mambo ya akili niachie mimi.
Wivu sina. Nachunguza tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeingia darasani! Suti ya harusi, kifungo kimegoma. Mada: lipo jambo ambalo mtu hawezi kukosea? Daktari, kwa sauti yake ya asali, akasema hata macho hudanganya. Nikasimama. Maumivu, nikasema! Anayesema anaumwa, anaumwa; nani ataingia mwilini mwake kuhakikisha? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti! Makofi ukumbi mzima. Daktari akakiri nimemshinda. Mke wangu alinitazama kama enzi za uchumba.

Ijumaa, 8 Machi
Raha imekuwa ya siku moja. Mke wangu kasema nilishinda vizuri, lakini daktari alishindwa kiungwana zaidi. Yaani nashinda mimi, anasifiwa yeye!
Mpango: niende kliniki yake, nisingizie jino, nione kama ukutani kuna picha ya mke wangu. Nikaenda. Hakuna. Picha za meno tu. Kiti chake nacho sponji imelala, mshono umefumuka. Nikamwahidi kumtengenezea bure. Adui ni adui, ila kiti kina kosa gani?
Akachungulia, akagongagonga. Ajabu, akasema, gego zima kabisa, halina hata doa. Lakini fundi, si ulinifundisha mwenyewe kwamba mwenye maumivu ndiye ajuaye? Linauma, haliumi?
Niseme nini? Nikisema haliumi, mimi mwongo. Nikisema mtu anaweza kukosea kuhusu maumivu yake, hoja yangu imekufa, na mke wangu atasikia. Mdomo umejaa vioo vyake vya kuchungulia meno. Nikaitikia kwa kichwa. Akashauri tusubiri kidogo. Kusubiri ni kushindwa! Nikamwonyesha kwa mkono: ng'oa.
Jino lilibisha kuliko mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Shavu kama mto wa kochi. Mke wangu ananilisha uji, anacheka mpaka ananimwagia kifuani. Akasema jana asubuhi nilitafuna mfupa wa kuku kwa meno ya upande ule ule, kwa hiyo jino halikuuma, kwa hiyo kule kliniki nilifuata jambo jingine. Akasema kila darasa alikuwa akiweka mkoba kwenye kiti cha pembeni, akisubiri nije nikikalie. Akauliza, na manukato yalikuwa ya nani, bwana wee, kama si ya huyu anayemganda puani kila akirudi, akidai chakula? Akasema anajua, wala haamini tu, kwamba anamtaka huyu mwenye pengo.
Machozi yamenitoka. Ni kidonda hicho.

Jumapili, 10 Machi
Daktari kaja kunijulia hali. Kaleta dawa ya kusukutua, malipo kakataa. Kalisifia kochi langu. Mke wangu kampa chai, akatabasamu. Tena akatabasamu!
Nimepanga hoja. Hakuna mtu anayetoa kitu bure ila moyo wake una deni. Huyu katoa bure. Kwa hiyo! Mke wangu kasema hoja hiyo ina tundu kubwa kuliko la mdomoni mwangu.
Sijali. Kesho gego la upande wa pili litaanza kuniuma, tena vibaya sana.