Kiti cha Bosi

Jumatatu, 3 Juni

Nafasi ya msimamizi wa karakana iko wazi! Nani mwingine kama si mimi? Bosi kachonga kiti kwa mkono wake, mara ya kwanza tangu arithi karakana ya baba mkwe wake. Maajabu. Miguu minne, kila mmoja na msimamo wake. Nikakikalia, kikanitikisa. Nikafumba macho, nikasema sijawahi kukaa hivi tangu nizaliwe. Kweli tupu! Bosi katabasamu hadi magego.

Jumanne, 4 Juni

Mama wa vanishi, yule anayeng'arisha viti vyetu, hana adabu. Kaulizwa kiti kikoje, kajibu mguu mmoja mfupi na gundi haijashika. Mbele ya bosi! Nikamrukia: kazi ya wakubwa haipimwi kwa rula. Bosi kanishika bega. Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akauliza kama hilo bega nitaliosha tena. Wivu.

Jumatano, 5 Juni

Kesho anakuja mwenye hoteli kuagiza viti vya ukumbi mzima. Bosi anasita kumwonyesha chake. Nikamwambia kukificha ni kuwadhulumu binadamu. Kakubali! Usimamizi nauona kwa macho.

Alhamisi, 6 Juni

Mwenye hoteli ni mtu wa mwili. Nikamkaribisha kitini mwenyewe, kwa mikono miwili. Puu! Mgeni chali, viatu juu. Nikawahi kumsifu: wachache huanguka kwa heshima namna ile. Kaondoka bila kuaga.

Bosi akaniuliza polepole, "Ulijua ni kibovu?"

Nikasema kwa uzito ule hata kiti cha mfalme kingesalimu amri.

"Nimekuuliza, ulijua?"

Nikainama kuokota miguu ya kiti. Mimi!

Ijumaa, 7 Juni

Aibu. Kumbe mama wa vanishi alimkimbilia mgeni hadi kwenye gari, akamwomba radhi, akamrudisha kuviona viti vilivyochongwa na mafundi. Oda tumepata. Usimamizi kapewa yeye! Mimi nimepewa ufagio, nizoe maranda.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetafakari usiku kucha. Kosa langu nimeliona: siku hizi wakubwa wanapenda kukosolewa! Asubuhi nikamfuata msimamizi mpya, nikajikaza kiume, nikamwambia wazi bila kumwogopa kwamba ana kasoro moja mbaya sana: anajituma kupita kiasi, na unyenyekevu wake utamponza.

Kanipa ufagio mwingine, mpana zaidi, na vyoo vya kusafisha juu yake.

Siku moja tu, tayari ananiongezea majukumu!